Harambee ya Vitabu, Kayole: Nakala 30 za Hadithi Moja

Wazazi, majirani na marafiki wa darasa letu la Jumamosi, hamjambo?

Mwaka huu tulianza na riwaya moja ya Kiingereza, nakala moja, wanafunzi 30. Tukaichana sura kwa sura (wapenda vitabu mtuwie radhi) ili kila kikundi kipate kipande. Waliopewa sura ya nne wakajua nani amekufa kabla wenzao hawajajua hata kama amezaliwa.

Pamoja na vurugu hiyo, tuliona jambo. Katika vifungu vya ufahamu vya mtihani, mtoto hukutana na neno geni mara moja, kifungu kikaisha, akabaki kubahatisha. Riwaya humrudishia neno lile lile, tena likiwaandama watu anaowajua tayari. Kijana wa Gredi ya 8 alikwama kwenye neno "reluctant". Tukamnyima kamusi. Akasonga mbele: mvulana katumwa kumwomba jirani msamaha, anafunga kamba za viatu mara mbili, anahesabu nguzo za stima. Neno liliporudi mara ya tatu akainua mkono: "Mwalimu, ni kwenda na roho haitaki!"

Vitabu vya msaada tumeletewa, na tunashukuru. Ila hadithi kumi tofauti darasa moja halizijadili, na nyingine ni ngumu kupita kiasi. Sisi hupima kwa vidole: mtoto husoma ukurasa mmoja akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vikifika vitano, kitabu hicho bado kimemzidi.

Kwa hivyo tunataka riwaya tatu, kuanzia nyepesi, kila moja nakala 30. Kwa sh 550 nakala, ni sh 49,500. Kabati lenye kufuli, kwa fundi wa hapa mtaani, ni sh 12,000. Mkononi tuna sh 14,300. Zimebaki sh 47,200.

Tukutane Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, ukumbi wa kanisa, baada ya ibada ya pili. Usipoweza kufika, nambari ya Paybill imebandikwa mlangoni, na mweka hazina atakuandikia risiti hata ya sh 50. Na ukipita kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaovitandaza chini kando ya barabara huko mjini, ukaona hadithi moja imerundikwa nakala nyingi, tupigie kabla hujaondoka hapo.