Risala ya Kikundi cha Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Iringa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, kamwene.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama asubuhi hii ya baridi. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia mwaliko wetu, hasa baada ya kuambiwa kwamba leo utaketi kwenye mkeka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu kina wanafunzi 11 na mwalimu mlezi mmoja. Tunaigiza safari za watoto wakimbizi, na watazamaji wetu ni watoto wa darasa la tatu hadi la sita. Tunapokea watoto 30 tu kwa wakati mmoja. Jukwaa hatuna. Waigizaji ni watatu, na hakuna mtoto anayekaa zaidi ya hatua mbili kutoka walipo.

Hatukuanza hivyo. Mara ya kwanza tuliigiza bwaloni, mbele ya shule nzima, kwa spika za kukodi. Mama alipompoteza mwanawe gizani, mwigizaji wetu alilia kwenye maiki, na bwalo zima likaangua kicheko. Tuliumia sana. Tulikuwa tayari kuwalaumu watoto, lakini mwalimu mlezi akatuuliza: aliyekaa mstari wa nyuma kabisa aliona nini? Aliona mtu mdogo akikimbia huku na huku, na spika inakoroma.

Wiki iliyofuata tulihamia stoo ya vitabu. Beseni la maji likawa Ziwa Tanganyika. Boti ni ganda la muhindi, na ndani yake kuna punje tatu: mama, dada na mtoto mchanga. Tochi iliyofunikwa kitenge ndiyo mbalamwezi. Upepo ni watoto wenyewe, wanaombwa kupuliza polepole ili boti itoke Kongo ifike Kigoma. Siku ile mvulana mmoja wa darasa la nne alipuliza kwa nguvu, punje moja ikadondoka majini. Hakuna aliyecheka. Alizamisha mkono, akaipapasa chini ya beseni mpaka akaipata, akaifuta kwa sweta lake, akairudisha kwenye boti. Halafu akaikumbatia boti yenyewe, akakataa kuitoa mpaka aambiwe kama walifika. Tangu siku hiyo hatujarudi bwaloni.

Mtoto wa igizo letu hana jina la mtu yeyote, lakini safari yake ni ya kweli. Wakongo kwa maelfu walivuka ziwa lile mwaka 1996 vita vilipowafika, na ndio mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliingia nchini kutoka Rwanda ndani ya saa 24 kupitia daraja la Rusumo. Mwenzetu mmoja kikundini, babu yake alitoka Burundi mwaka 1972 akiwa mtoto na akakulia makazi ya Katumba, kule Mpanda. Mjukuu huyo ndiye anayeshika tochi.

Wapo wanaotuambia kuwa hayo ni mambo ya Kigoma na hayatuhusu watu wa Nyanda za Juu Kusini. Ndiyo maana sehemu ya pili ya igizo inatokea Ifunda, hapa hapa kwetu, barabara ya kwenda Mbeya. Mwaka 1940 serikali ya Kisovieti iliziondoa familia nyingi mashariki ya Poland na kuzipeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 walionusurika walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran, na baadaye wengi wao wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki. Baadhi waliwekwa Ifunda, wengine Kidugala, Njombe. Wengi walikuwa akina mama na watoto, na wapo watoto waliofika hawana mzazi hata mmoja. Sehemu hii ndiyo inayoleta maswali mengi. Walikula nini? Ugali waliuweza? Msichana mmoja aliuliza kama baridi yetu iliwatesa. Tulimwambia walikotoka ni Siberia, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza nani aliwapa masweta.

Igizo la karibu namna hii linaweza kumtisha mtoto, kwa hiyo tuna utaratibu. Bunduki na damu hatuonyeshi. Mlango haufungwi. Mwalimu wao huketi nao mkekani, na tukimaliza tunakaa nao robo saa wakichora na kusema. Kumsimamisha mtoto mkimbizi asimulie yaliyompata mbele ya wenzake, hilo kwetu ni mwiko.

Mheshimiwa mgeni rasmi, changamoto yetu kubwa ni muda. Shule yenye wanafunzi 600 inahitaji maonyesho 20, na tumeshaambiwa mara nyingi kwamba tungemaliza kwa siku moja uwanjani. Tungemaliza kweli, lakini watoto wangerudi nyumbani na kelele za spika tu.

Kwa hiyo spika hatuombi, wala jukwaa. Tunaomba utusaidie kupata kibali cha kuingia shule za msingi kila Ijumaa mchana, chumba kimoja katika kila shule, na nauli ya daladala kwa watu watano. Mikeka tunayo. Na siku tutakapoalikwa Uwanja wa Samora, tunaomba ututetee tupewe chumba cha pembeni.

Watoto 29 wa darasa la nne wamekwishakaa. Nafasi ya thelathini ni yako, ipo upande wa beseni. Tunaomba uvue viatu, na tutakapofika ziwani, upulize polepole.

Tunaomba kuwasilisha.