Barua kwa mwanangu kuhusu jakamoyo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye sentensi moja: "Mama, sina shida yoyote, lakini naogopa." Unasema masomo yanakwenda vizuri, afya unayo, marafiki unao, na bado usiku wa manane unazinduka moyo ukikudunda, ukijiuliza kwa nini upo, utakuwa mtu wa namna gani, na yote haya yataishia wapi siku utakapokufa. Ilinijia haraka nikuandikie kwamba yatapita. Nikajizuia, kwa kuwa nami niliambiwa hivyohivyo miezi michache baada ya kumzika babu yako, na maneno yale yaliniacha mpweke kuliko nilivyokuwa kabla sijafungua kinywa.

Lugha yetu ina neno jakamoyo, nami nalipenda kwa hali uliyonayo, maana halimlazimishi mtu kutaja anachokiogopa. Hofu ya kawaida ina kitu chake: mtu huogopa nyoka, au mtihani, au ugonjwa, na kitu hicho kikiondoka hofu nayo huondoka. Jakamoyo halina kitu cha kukiondoa. Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark aliyeandika mjini Copenhagen mwaka 1844, alilifananisha na kizunguzungu cha mtu anayechungulia shimo refu, akasema kwamba chanzo chake kimo shimoni na vilevile kimo machoni mwa anayechungulia, kwa sababu asingelitazama chini asingelishikwa na kizunguzungu. Shimo lenyewe, kwake, ni uhuru: wingi wa mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya na maisha yake, bila yeyote wa kumfanyia uchaguzi. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1943 alitoa mfano wa mcheza kamari aliyeapa jana kwamba hatacheza tena. Leo anaikaribia meza na kugundua kwamba kiapo cha jana hakimshiki mkono, na kwamba itambidi aamue upya kana kwamba hajawahi kuamua. Unaponiandikia kwamba kila mlango unaoufungua unakutia hofu kwa ajili ya ile utakayoiacha imefungwa, nawasikia hawa wawili. Wala Kierkegaard hakushauri fadhaa hiyo iondolewe. Aliamini kwamba mtu aliyejifunza kufadhaika ipasavyo amejifunza jambo kubwa kuliko yote, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyomkubali.

Lakini wewe umeandika pia juu ya kifo, na hilo ni swali jingine. Nakuomba uyatenganishe, kwa sababu mimi sikuyatenganisha na nikapoteza karibu mwaka mzima nikijitibu maradhi nisiyokuwa nayo. Baada ya msiba nilimshika Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, ambaye hoja yake unaweza kuibeba kichwani: tukiwepo, kifo hakipo, kifo kikiwepo, sisi hatupo, basi hatukutani nacho kamwe. Mfuasi wake wa Kirumi, Lucretius, aliongeza kwamba hakuna anayesikitikia zama zisizo na mwisho zilizopita kabla hajazaliwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuziogopa zitakazofuata baada yake. Nilizigeuzageuza hoja hizi nisione pa kuzivunjia, na bado nililala nikilia. Nilichelewa sana kutambua kwamba Epicurus alikuwa akinituliza kuhusu kifo changu, ilhali kilichokuwa kikiniuma ni kifo cha mtu mwingine, ambaye kiti chake kilikuwa kitupu na ambaye mimi, niliyekuwa bado nipo, nilikuwa nikikutana na kutokuwepo kwake kila asubuhi.

Wastoiko, wanafalsafa wa kale waliofundisha kuyapokea kwa utulivu yasiyo katika uwezo wetu, nao waliligusa swali hilo la kupoteza, kwa namna iliyonikasirisha. Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, alifundisha kwamba mtu anapombusu mwanawe ajikumbushe kuwa anambusu kiumbe atakayekufa. Niliusoma ushauri huo wewe ukiwa mdogo, umelala kifuani mwangu, nami nikakifunga kitabu. Nilidhani ananitaka nipende nusu nusu ili nisiumie. Miaka imenifundisha kumsoma kwa haki zaidi. Msingi wa mafundisho yake ni kugawa mambo mafungu mawili, yaliyo katika uwezo wetu, kama hukumu zetu na nia zetu, na yasiyokuwemo, kama mwili, mali, sifa na uhai wa tuwapendao. Na anayekumbuka kwamba mtoto hakuwa mali yake tangu mwanzo humbusu kwa kumaanisha zaidi. Hata hivyo sitakudanganya: zoezi hilo kwako wewe nimelijaribu mara chache tu, na sijawahi kulimaliza.

Wafuasi wa Budha huligeuza swali upande mwingine kabisa. Kabla ya kuuliza itakuwaje nikifa, wao huuliza: huyu "mimi" anayeogopa ni nani? Katika masimulizi yao mtawa Nagasena anamuuliza mfalme Milinda kuhusu gari la farasi alilokuja nalo. Je, gari ni mhimili? Ni magurudumu? Ni nira? Mfalme anakana kila kipande, na mwishowe anakubali kwamba "gari" ni jina tunalolipa mpangilio wa vipande hivyo. Na mtu, asema Nagasena, ni vivyo hivyo: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na ufahamu, vikitiririka pamoja bila mwenyewe aliyeketi ndani. Kwa mafundisho haya, mateso yetu mengi hutokana na kung'ang'ania kitu ambacho hakikuwahi kusimama tuli. Naona ukweli mkubwa humo. Tahadhari yangu ni kwamba usiyachukue mafundisho hayo usiku wa manane, peke yako, kama habari kwamba wewe si kitu. Huko si kuyaelewa, kwani Budha mwenyewe aliikataa kauli ya kwamba mtu huangamia tu kama vile alivyoikataa ile ya kwamba kuna nafsi isiyobadilika.

Sasa nifike kwa mtu ambaye natamani ningemjua nikiwa na umri wako. Imam Ghazali, mwaka 1095, alikuwa mwalimu mwenye sifa kubwa kuliko wote katika chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad. Anasimulia mwenyewe kwamba alianza kuichunguza nia yake ya kufundisha akakuta ni kutafuta cheo na umaarufu, akajiona yuko ukingoni mwa shimo linalobomoka. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Mwishowe ulimi wake ulifungwa, akawa hawezi kutamka neno mbele ya wanafunzi wake wala kumeza chakula, na matabibu wakakata tamaa wakisema kwamba ugonjwa umeingia moyoni na kutoka huko umeenea mwilini. Aliacha kazi, akagawa mali yake akibakiza ya kumtosha yeye na watoto wake, akaenda Damascus, kisha Jerusalem na Makka, na hakurudi kufundisha hadi mwaka 1106. Jakamoyo la Ghazali halikuwa la kifo peke yake, wala la wingi wa njia. Lilikuwa la mtu anayehisi kwamba maisha anayoyaishi hayalingani na anayoyaamini, na kwa jakamoyo la aina hiyo hakuna hoja inayotosha, hata kwa bingwa wa hoja kama yeye. Ilimbidi abadilishe namna ya kuishi. Jiulize kwa utulivu kama masomo unayoyasomea uliyachagua wewe au uliyachagua ili kunifurahisha mimi. Sitaumia na jibu lolote.

Na babu yako? Kwake yeye nilisaidiwa na John Mbiti, Mkenya aliyechapisha mwaka 1969 uchambuzi wa fikra za Kiafrika kuhusu wakati, akitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Alieleza kwamba aliyefariki hubaki ndani ya Sasa maadamu yupo hai mtu anayemkumbuka kwa jina, na huingia Zamani pale tu mtu wa mwisho kama huyo anapoondoka. Martin Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1927 alikuwa ameandika kwamba kifo changu ni changu mimi tu na hakuna awezaye kunifia. Mbiti, bila kulikana hilo, ananionyesha kwamba kuwepo kwangu hakukuwahi kuwa kwangu mimi tu, kwa kuwa nipo kwa sababu tupo. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika, Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, walimpinga vikali juu ya madai yake kwamba Waafrika hawakuwa na dhana ya wakati ujao wa mbali, na nadhani walikuwa na haki. Mimi nilichukua lile moja nililolihitaji, nikaanza tena kulitaja jina la babu yako kwa sauti.

Usingizi ukiendelea kukukimbia kwa wiki kadhaa, au chakula kikakushinda, nenda kwa daktari umweleze kama ulivyonieleza mimi. Hakuna mwanafalsafa yeyote kati ya hawa atakayechukizwa. Ila kabla ya hapo, weka karatasi karibu na kitanda, na utakapozinduka iendeleze ile sentensi yako ya "naogopa" uone inakwenda wapi: kwenye kuchagua, kwenye kufa, kwenye kumpoteza mtu, au kwenye kuishi maisha yasiyo yako. Huenda ikaenda mahali ambapo sikupataja kabisa. Niandikie ilikokwenda. Na kama usiku wenyewe ni mzito mno kwa kuandika, nipigie simu, hata iwe saa tisa. Siku hizi nami huwa macho saa hizo.

Akupendaye,
Mama yako