Vipele vya ndevu: angalieni kichwa cha mashine

Mhariri,

Nipe nafasi niongee na vijana wa hapa Nairobi wanaoteseka na vipele vya kidevu. Wengi wanalaumu wembe, kumbe mara nyingi shida iko kwa kichwa cha mashine ya kunyolea ya mkono, pale wembe unapokaa. Chukua ile ya wembe mmoja, aina ambayo King C. Gillette alipewa patenti yake Marekani 1904, uiangalie kwa karibu: kuna kanafasi kati ya wembe na kile kibati cha chini, sasa hiyo nafasi ikiwa kubwa na wembe umechomoza sana inanyoa safi lakini ukikosea kidogo tu ni damu, ikiwa ndogo inakuwa pole ila ndevu za wiki nzima zinaisumbua. Zile ambazo kibati chake kina meno kama kitana hazizibwi na ndevu haraka. Usikandamize, acha uzito wa mashine ufanye kazi, ilaze digrii 30 hivi.

Na sisi wenye ndevu za kujikunja, zile za nyembe tano zinavuta unywele unakatwa chini ya ngozi, ukianza kuota unajipinda humo ndani, basi uso wote vipele. Wenye maduka, tafadhali tuleteeni hizo za chuma za wembe mmoja pia, na mturuhusu kuzifungua tuone kichwa kabla ya kulipa.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi