Barua ya wazi kwa Katibu wa klabu yetu ya kikapu: mpeni kijana karatasi akaisome nyumbani

Ndugu Katibu,

Mbukwenyi. Nakusalimu kwa heshima ya ofisi yako na ya umri wako, maana wewe ni mkubwa kwangu. Mwezi uliopita nilikuandikia barua mbili kwa mkono, zote nikamkabidhi mlinzi wa getini. Nikakutumia na ujumbe wa simu, tiki mbili za buluu nikaziona. Sijajibiwa. Leo mimi, dereva wa bodaboda ninayemleta mchezaji wenu mazoezini, naandika hadharani, kila anayependa kikapu hapa Dodoma asome.

Kilichonifikisha hapa ni Jumamosi. Kijana wetu, yule pointi gadi, mpangaji wa mashambulizi yetu, wa miaka 19, alikuja uwanjani na begi lake la viatu akakuta jina lake halimo kwenye orodha ya mechi. Akakaa kwenye ngazi za simenti na nguo zake za nyumbani, begi mapajani, robo zote nne. Tulifungwa. Sisemi tulifungwa kwa kumkosa yeye tu, maana siku hiyo hata rebaundi, ile mipira inayorudi ikikosa kikapu, hatukuzipata. Lakini mama yake alifunga genge lake la mboga pale Majengo saa saba mchana ili aje kumwona mwanawe. Akaniuliza, "Baba, mwanangu anaumwa?" Sikuwa na la kumjibu.

Kosa lake ni moja. Mkataba wake wa miaka miwili umekwisha. Akaletewa karatasi ya kuongeza miaka mitatu, jioni, mazoezi yameisha, mwanga umeshafifia, akaambiwa asaini palepale juu ya boneti ya gari. Nilikuwepo, nimekuja kumchukua. Aliomba kwa adabu, mikono nyuma, aende nayo nyumbani akaisome na mama yake. Akanyimwa. Akaambiwa anayetaka makuu aende Dar. Jumamosi yake jina likatolewa.

Nikukumbushe siku ya mkataba wa kwanza, nyumbani kwao Nzuguni. Viti vilikuwa viwili, mimi nilikalia ndoo. Kijana alikuwa na miaka 17, kwa hiyo mama yake ndiye aliyetia sahihi. Ulisema klabu italipa nauli ya mazoezi. Ulisema mtamsaidia ada ya chuo. Ulisema akiumia mtamtibu. Mama akauliza kama hayo yameandikwa. Ukamjibu kwamba sisi ni watu wazima, neno letu linatosha. Mama wa watu akaamini, akatuletea zabibu kwenye sinia.

Nauli hiyo, Ndugu Katibu, nimeilipa mimi. Miaka miwili, mara tatu kwa wiki, kutoka Nzuguni mpaka mjini na kurudi usiku, kwa pikipiki yangu na mafuta yangu. Julai na Agosti, upepo wenye vumbi unatupiga usoni, kijana amejificha mgongoni kwangu na mpira kaukumbatia. Abiria wangu wa jioni wote wamehamia kwa wenzangu, kwa sababu saa za watu kutoka kazini mimi nipo nje ya uwanja nasubiri. Sikumdai kijana hata shilingi, na leo simdai. Lakini mlisema mtalipa.

Labda unajiuliza dereva wa bodaboda anajua nini kuhusu mikataba. Najua. Mwaka 2021 nilichukua pikipiki ya mkataba. Hesabu elfu kumi kila siku ya kazi kwa miezi kumi na minne, kisha chombo kinakuwa changu. Tulikubaliana kwa mdomo, tukapeana mikono, tukanywa soda. Mwezi wa kumi na mbili wa mkataba nikaanguka, mguu ukavimba, siku tisa sikupeleka hesabu. Tajiri akaja na ufunguo wa akiba akaondoka na pikipiki. Nilikuwa nimeshamlipa zaidi ya milioni tatu. Nilipokwenda serikali ya mtaa nikaulizwa swali moja tu: karatasi iko wapi? Mke wangu alirudi kwao Kondoa na watoto kwa miezi minne, na mimi nikalala kwa rafiki, nikibeba mizigo sokoni Sabasaba. Kila nikimwona kijana yule kwenye ngazi namwona mtu anayepelekwa palepale nilipopelekwa mimi.

Kijiweni kwetu siku hizi hatuongei kingine. Wapo wanaosema kijana amelewa sifa, kwamba klabu ilimtoa vumbini na sasa anajiona. Wapo wanaosema aondoke hata kesho. Mmoja alisema jambo lililoninyamazisha: tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anakwenda Dar asubuhi, anafanya majaribio, na usiku analala kwao. Mnaposema "aende Dar" mnadhani mnamtisha. Nauli ya treni tutamchangia, na hilo halitatufurahisha, kwa sababu tunataka acheze hapa.

Vijana wenye bando wametuletea mfano wa Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, Kongo, anayecheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Klabu ya Golden State Warriors ilimchagua namba 7 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2021. Oktoba 2024 muda wa kuongeza mkataba wake wa kwanza ukapita bila makubaliano, akaendelea kuvaa jezi yao. Mwaka 2025, tangu msimu uishe mpaka mwingine unakaribia kuanza, klabu na wakala wake wakavutana, mashabiki nao wakagawanyika kama sisi. Mwisho akasaini miaka miwili, takriban dola milioni 48, na mwaka wa pili ukawa hiari ya klabu, yaani klabu ndiyo inayoamua kama aendelee. Kijiweni wengi waliduwaa kwa zile dola. Mimi nilichokishika ni kwamba ile hiari ya klabu iliandikwa, na mchezaji aliijua kabla kalamu haijagusa karatasi. Alikataa, akasubiri, akabishana, na hakuna aliyemwambia asaini gizani.

Karatasi ya kijana wetu, kwa kile alichowahi kukiona, ina posho ileile ya alipokuwa na miaka 17, na mstari unaosema klabu inaweza kuongeza muda itakavyoona inafaa. Itakavyoona nani? Kwa muda gani? Kwa posho ipi? Sasa ni mtu mzima. Sahihi atakayoweka inamfunga mwenyewe, mama hawezi tena kusimama mbele yake.

Sijui kwa nini mnafanya hivi. Nadhani mnaogopa klabu kubwa zitamchukua bure kwa kuwa mkataba umekwisha. Kama ni hofu hiyo, naielewa. Au pengine fedha iliyotengwa kwa ajili yake imeishia kwenye safari za mashindano, na hamtaki kusema. Semeni. Mashabiki haohao wanaogombana kijiweni ndio walionunua mipira mitatu msimu uliopita, elfu mbili mbili, tano tano. Tukiambiwa klabu haina kitu tutakaa tuone tunafanyaje.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Mtasema mchezaji wa posho si mfanyakazi. Sawa, hayo tuwaachie wanasheria. Mimi sikuombi mambo ya mahakama. Naomba nauli iandikwe. Matibabu yaandikwe. Ada iandikwe, au ifutwe kabisa mama asiendelee kuitegemea. Posho, mkishindwa kuiongeza mwaka huu, mwambieni mwaka gani. Na kama haya yote ni mengi, basi niachieni moja: mpeni ile karatasi aende nayo nyumbani, akae nayo siku tatu, asome yeye na mama yake na mtu wanayemwamini. Akiridhika atasaini. Ananiambia kila tukipita Chinangali kwamba anataka kubaki.

Jumatano kuna mazoezi. Nitamleta kama kawaida saa kumi na nusu. Nitazima pikipiki, nitasimama pale getini, na sitaondoka na abiria yeyote mpaka nimwone anatoka na hiyo karatasi mkononi.

Wako katika kuipenda timu,
Dereva wa bodaboda, Nzuguni, Dodoma