Anayenunua gemu halali ndiye anayeadhibiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Gazeti hili nalisoma tangu nikiwa mwanafunzi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu vijana na gemu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli na kunakiliwa bila kulipiwa, imenifika kooni. Mwandishi wenu amezunguka mabanda ya gemu, amepiga picha flashi zikiwa zimepangwa mezani, amemhoji mwanasheria kuhusu hakimiliki, kisha akahitimisha kwamba tatizo ni sisi kupenda vya bure. Hakumtafuta hata mtu mmoja anayenunua gemu halali kwa hela yake. Mimi ni mmoja wao, na nina la kusema.

Kijana wangu anapenda treni. Nilimnunulia gemu ya kuendesha treni, boksi halisi lenye nailoni yake, katika duka la Dar es Salaam linalotoa risiti ya EFD. Ndani mlikuwa na diski na kikadi chenye namba ya kukwangua kama vocha. Ni gemu ya mchezaji mmoja, haina mpinzani wa mtandaoni wala mashindano. Tuliingiza namba, ikakubali, akacheza. Mei 2024 diski ya ndani ya laptopu ikafa na fundi akaweka nyingine. Tukasakinisha gemu upya, ikafika asilimia 100, halafu likatokea dirisha dogo la kijivu: leseni haijathibitishwa, unganisha intaneti. Ilikuwa wiki ile nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, Jumapili ya tarehe 12, na nchi nzima tukakosa mtandao wa maana. Simlaumu mtu kwa nyaya kukatika. Lakini treni zimo ndani ya kompyuta, reli zimo ndani ya kompyuta, na mtoto amekaa mbele ya kompyuta. Ruhusa ya nini tena kutoka kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, ya huko ng'ambo?

Mtandao uliporudi ndipo mambo yakaharibika zaidi. Niliambiwa namba yangu imeshatumika kwenye idadi ya kompyuta inayoruhusiwa. Kompyuta ni ileile, Mhariri! Kioo kilekile chenye ufa kwenye kona, kibodi ileile isiyo na herufi ya Q. Kwao diski mpya ni kompyuta mpya. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakataka picha ya risiti, nikatuma. Wakataka picha ya kikadi, namba ikionekana. Nikatuma, ingawa nusu ya namba ilishafutika kwa kukwanguliwa. Mwisho wakanijibu kwamba msaada huo hautolewi katika nchi yangu, na kwamba siku nilipobonyeza "Nakubali" niliipa kampuni haki ya kuondoa leseni wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu. Duka limeshapata faida yake, TRA imeshapata kodi yake, kampuni imeshapata pesa yake, na mtoto amebaki na kipande cha plastiki. Na wiki hiyohiyo ya kukatika nyaya, kijana wa jirani aliyenakiliwa gemu hiyohiyo kwenye flashi alikuwa anaendesha treni yake kutwa nzima bila kuulizwa na mtu. Huyo ndiye mwandishi wenu angemwita mwizi, na huyo ndiye aliyepata huduma.

Wala si jambo la bahati mbaya lililonikuta mimi peke yangu. Mwaka 2008 kampuni ya EA ilitoa gemu ya Spore kwa sharti kwamba mnunuzi ataiamilisha kwenye kompyuta tatu tu. Wanunuzi walilalamika dunia nzima mpaka idadi ikapandishwa hadi tano, huku nakala zilizokrakiwa zikisambaa bila kikomo chochote. Machi 2013 EA haohao walitoa SimCity, gemu ya kujenga mji, ambayo haikufunguka bila seva zao. Siku za kwanza seva zilizidiwa na watu waliolipa wakabaki wanaangalia foleni. Waliambiwa gemu haiwezi kufanya kazi nje ya mtandao. Mwaka mmoja baadaye likatolewa toleo linalofanya kazi nje ya mtandao. Kumbe iliwezekana.

Sisi wa huku tuna mzigo wa ziada ambao ripoti yenu haikuugusa kabisa. Orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya mtandao wa PlayStation haina Tanzania, haina Kenya, haina Uganda. Nendeni kwenye banda lolote la gemu Dar, Mwanza au Mombasa muulize akaunti imesajiliwa wapi. Mtaambiwa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Vijana hawapendi kudanganya. Fomu haina nchi yao. Lakini masharti yanataka uandike nchi unayoishi kweli, kwa hiyo kila mwenye akaunti hiyo anacheza huku ameshavunja mkataba, na siku yoyote anaweza kufungiwa pamoja na kila gemu aliyolipia. Mei 2024, mwezi uleule wa nyaya, Sony, wenye PlayStation, walitangaza kwamba waliokwishanunua gemu ya Helldivers 2 kwa kompyuta ni lazima waiunganishe na akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo, sisi tukiwemo. Wachezaji walipiga kelele kubwa na baada ya siku chache Sony wakarudi nyuma kuhusu akaunti, lakini katika nyingi ya nchi hizo gemu iliendelea kufungiwa kwa muda mrefu. Mtu wa Tanga aliyetaka kutoa pesa yake halali alikataliwa mlangoni. Alipoelekea kwenye flashi, mkampiga picha.

Na bando je? Diski ya siku hizi inabeba kipande tu cha gemu. Kilichobaki unapakua, makumi ya GB, na kila baada ya muda inadai apdeti kabla haijafunguka. Mimi napakua usiku wa manane kwa sababu mchana kasi haipo. Bando la wiki likifika saa yake linakufa na GB zake ndani, nilizozilipia kwa shilingi zilezile za mshahara uleule. Apdeti imefika robo tatu, bando limekufa, asubuhi nanunua jingine. Nimeshawahi kupiga simu kuuliza GB zangu zimekwenda wapi nikajibiwa nisome vigezo na masharti. Hawa nao! Kila mahali mlalahoi anaambiwa akasome masharti, na masharti yameandikwa Kiingereza cha mahakamani, kurasa nyingi, kwenye kioo cha simu kisichozidi kiganja.

Hakuna anayeyasoma, na wanaoyaandika wanalijua hilo. Tarehe 1 Aprili 2010 duka la gemu la Uingereza liitwalo GameStation lilichomeka kipengele kinachosema mteja anaikabidhi kampuni roho yake. Lilikuwa jaribio lao la siku ya wajinga, na wateja wapatao 7,500 walikubali. Mkataba wa namna hiyo ndio unaotumika kuninyima haki ya kitu nilichokilipia na kupewa risiti.

Wenzetu wameanza kuamka. Machi 31, 2024 kampuni ya Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na hata aliyetaka kuendesha peke yake akakuta haifunguki tena. Baadaye ikaondolewa kwenye akaunti za waliokuwa wameinunua. Kutokana na hilo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya kuzuia gemu zilizouzwa zisiuliwe, na kufikia Julai 2025 ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni moja. Ubisoft wenyewe, baada ya kelele hizo, waliipa The Crew 2, gemu iliyoifuata, uwezo wa kuchezeka nje ya mtandao. Jimbo la California, Marekani, lina sheria tangu Januari 1, 2025 inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja wazi, kabla hajalipa, kwamba anapewa leseni inayoweza kuondolewa. Wanaomwachia mteja nakala anayoweza kuitumia bila mtandao daima hawabanwi na sheria hiyo. Na wapo wa namna hiyo: duka la GOG la Poland linauza gemu tangu 2008 zisizo na kufuli la kuomba ruhusa, unapakua faili lako, unaliweka unapotaka, na halijafa njaa.

Tanzania tunayo Tume ya Ushindani na tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayoipa Tume mamlaka juu ya mikataba ya walaji, ile ambayo upande mmoja unaiandika na mwingine unaipokea kama ilivyo. Ninachotaka ni hiki. Kila boksi la gemu linaloingia bandarini libandikwe kibandiko cheupe chenye maandishi meusi ya Kiswahili, kisipungue upana wa vidole vinne, kiwe mbele na si nyuma. Kiseme kama gemu inafunguka bila intaneti au haifunguki, inakubali kompyuta ngapi, seva zimeahidiwa mpaka mwaka gani, na kama mtu aliyeko Tanzania atahudumiwa akikwama. Boksi lisilo na kibandiko lirudi lilikotoka. Kampuni ikitaka kuzima seva, itoe kwanza apdeti ya mwisho inayoondoa ulazima wa kuomba ruhusa. Na fundi akibadilisha diski, hiyo isihesabiwe kompyuta mpya.

Kwenu nyie wa gazeti nina ombi moja. Mtumeni mwandishi wenu yuleyule Kariakoo akanunue boksi moja la gemu halali kwa pesa ya ofisi. Aje nalo, aufungue mkataba wake, autafsiri wote kwa Kiswahili, na mwuchapishe neno kwa neno hata kama utakula kurasa nne za gazeti. Siku hiyo nitanunua nakala mbili, moja nimpelekee aliyeniuzia.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Makorora, Tanga