Malalamiko: maunting ngumu na liva fupi ya gia mlizoniuzia

Habari za kazi jamani,

Naandika kuhusu oda yangu ya mwezi wa sita, ile seti ya liva fupi ya gia na maunting mbili za injini (vile vishikio vinavyoibeba injini kwenye bodi) mliyonitumia kwa basi kutoka Dar mpaka Arusha. Mzigo ulifika salama, mmefunga vizuri, risiti ipo, hapo sina neno. Neno langu ni hizo maunting, na yale mliyoniambia kabla sijatuma hela.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, gia tano za mkono, turbo. Nilipowapigia nilijieleza vizuri tu, nikasema gia inacheza, yaani ukiwa namba tatu unaweza ukaitikisa kushoto kulia kama mwiko kwenye sufuria ya uji, na nikiachia mafuta ghafla halafu nikakanyaga tena kuna kitu kinagonga kule nyuma ya injini, ko! Kaka wa mauzo hakuniuliza hata swali moja, hakusema cheki bushi (zile raba za kwenye maungio ya liva), hakusema tuma video tusikie, akaniandikia "bosi chukua seti kamili, gari itachomoka balaa, na mtetemo hutausikia kabisa". Meseji ninayo mpaka leo sijaifuta.

Nikafunga Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo jioni nikawasha, aisee. Kioo cha ndani kilitetemeka mpaka bodaboda iliyosimama nyuma yangu nikaiona mbili. Nilikuwa na sarafu ya mia mbili kwenye kishikio cha kikombe, ikaanza kujizungusha yenyewe inalia kama nyenje. Ukiwasha AC ndio usiseme, dashibodi yote inaunguruma, mlango wa abiria unaitikia. Jumapili nikampeleka mama mkwe kanisani, tumesimama kwenye taa akashika kiti kwa mikono miwili akaniuliza, "Mkwe wangu, hili gari lina homa?" Sikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyelipia hiyo homa shilingi laki saba na nusu.

Sasa nawaambia kitu ambacho nyie kama wauzaji mlipaswa kuniambia mimi. Injini ya silinda nne ikiwa sailensi, yaani imewaka bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika inafyatua mara 25 kila sekunde. Hayo mapigo 25 lazima yaende mahali. Maunting ya kiwandani ni raba laini, kazi yake ni kuyameza yasifike kwenye bodi. Ya kwenu ni ile plastiki ngumu ya rangi, boksi limeandikwa 95A, hicho ni kipimo cha ugumu wa raba na plastiki, yaani inakaribia tairi la toroli la supamaketi, raba ya kiwandani huwa chini sana ya hapo. Ukiifunga hiyo injini inakuwa kama imechomelewa kwenye chesisi, kila pigo unalipata kwenye mgongo. Hiyo sio mbovu, ndivyo ilivyotengenezwa, sibishi. Nachobisha ni "hutausikia kabisa".

Nikalalamika, mkanijibu eti hata magari ya rali yanafungwa hivyo. Kweli kabisa. Dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya 1997 na Impreza, nani hajui, lakini yule alikuwa na kundi la mafundi wanamsubiri kila anaposimama, na hakuwa anapeleka mtoto shule Njiro saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari ya rali haiulizwi kama ina kelele. Mimi barabara yangu ya wikiendi ni Arusha kwenda Moshi, matuta hadi unasahau ulikuwa unaenda wapi, kila penye makazi ni spidi 50 na trafiki wako chini ya mti na tochi, hiyo nusu sekunde ya kubadili gia haraka naipeleka wapi?

Na hiyo "itachomoka" naomba muifute kabisa. Maunting haiongezi nguvu hata kidogo, liva ya gia haiongezi nguvu, injini ni ileile na turbo ni ileile. Kinachobadilika ni unavyoihisi. Nitakuwa muungwana niseme ukweli, ile kupwaya ukikanyaga mafuta ilipungua, injini haikujipindua kwanza ndio gari iende, mguu na gari vikawa karibu zaidi. Inapendeza, kwa dakika kumi.

Liva yenyewe naipenda, hiyo nabaki nayo. Nilipima kwa rula, zamani kichwa cha gia kilikuwa kinatembea sentimita 10 kutoka namba tatu kwenda nne, sasa ni 7. Ila ni hesabu ya mtaimbo ile ya darasani, umefupisha safari basi mkono unalipa kwa nguvu, 10 gawanya kwa 7 ni kama asilimia 43 zaidi ya kusukuma. Arusha mwezi wa saba asubuhi kuna baridi jamani, oili ya giaboksi nzito, namba mbili inagoma kabisa kilomita tatu za mwanzo. Liva fupi haiharakishi sinkronaiza, ile inahitaji muda wake kusawazisha spidi za gia, ukiilazimisha inakusagia krrr na wewe ndio unalipa. Na giaboksi za gia tano za WRX za miaka ile kila fundi anajua hazipendi ubabe. Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi haina hata sentensi moja ya kumwambia mtu asubiri oili ipate moto.

Haya, sasa sikilizeni sehemu inayoniuma zaidi. Baada ya wiki tatu ile ko! bado ipo. Gari inatetemeka kama mashine ya kusaga halafu tatizo nililowapigia simu kwa ajili yake liko palepale! Nikaenda kwa mzee mmoja fundi, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, hana bango wala nini. Akafungua boneti, akaniambia kanyaga breki, vuta hendibreki, tia namba moja, achia klachi taratibu usizime. Akaangalia sekunde tano hivi, akacheka. Akaniita nishuke. Kuna ile maunting ya juu inayofanana na mfupa, inashika giaboksi na ule ukuta wa nyuma ya injini, raba yake imechanika yote, chuma kinagonga chuma. Akaingia chini ya gari na bisibisi bapa, akachokonoa bushi ya nyuma ya kitako cha gia, ikatoka vipande vipande kama mkate wa juzi. Vitu viwili tu. Elfu sitini vyote na ufundi.

Nikamwambia na hizi maunting za rangi zitoe, nirudishie zangu za zamani, bahati nzuri sikuzitupa. Akazibonyeza akasema "hizi mbona nzima?". Akazifunga. Nikawasha, kimya. Sarafu imelala. Ko imekwisha, gia haichezi tena, inaingia tak tak, na maunting ni zile za kiwandani zenye miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo ule uzuri wote mliokuwa mnausifia kwenye seti kamili umekuja na bushi ambayo hamkuniuzia, wala hamkuitaja, na nyie mnazo dukani maana baadaye nimeziona kwenye statasi yenu ya wasapu.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie hela ya maunting mbili, shilingi 480,000 kama ilivyo kwenye risiti, liva naiacha kwenye gari na sidai chochote juu yake. Hela ya ufundi ya kufunga na kufungua nimeimeza mwenyewe, ingawa kwa haki mngegawana na mimi. Na kwenye tangazo lenu andikeni wazi kwamba maunting hizo zinaleta mtetemo ndani, ni za gari ya mashindano au mtu anayejua anachotaka, na mteja akisema gia inacheza muulizeni kwanza bushi na ule mfupa wa juu vikoje kabla hamjamtajia seti.

Maunting nimezifuta grisi, zimo kwenye boksi lenu lilelile na nati zake zote nane. Jumatatu nazipandisha basi la asubuhi, namba ya mzigo nitawatumia wasapu nikishakatiwa risiti. Msizipokee halafu mkakaa kimya.

Mteja wenu,
WRX ya bluu, Njiro, Arusha