Manjano ya kichanga sio ya kuanika juani tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mwanangu alianza kuwa njano macho siku ileile aliyozaliwa, bibi zake wakasema muanike jua la asubuhi itaisha, nami nikasikiliza mpaka akaanza kukataa ziwa ndo tukakimbia hospitali. Kumbe mi ni grupu ya damu O yeye A, kinga za damu yangu zikaishambulia yake, ikawa inavunjika haraka na ini changa haliwezi kuondoa bilirubini yote, ile rangi ya njano inayotokana na damu kuvunjika. Akawekwa kwenye taa za bluu, akapona. Manjano inayoanza siku ya 2 au ya 3 mara nyingi huisha yenyewe ila ikitokea ndani ya saa 24 mkimbizeni jamani! Na zile naftalini za kabatini, vile vidonge vya kufukuza wadudu wa nguo, kwa watoto wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu zisivunjike) ni hatari kabisa.

Mama Kichanga, Tanga